Dubai, Wuhan, Riyadh: kwa nini VPN moja haifungui intaneti zote

Watu watatu wanaweza kuingia saiba moja pale Kondele, Kisumu, asubuhi moja, kila mmoja na lalamiko lake. Wa kwanza ana binti Dubai: ujumbe wa WhatsApp unafika, picha zinafika, lakini wakipigiana simu mazungumzo hayashiki. Wa pili mwanawe ameenda kusoma Wuhan, na tangu atue huko WhatsApp yake haijapokea ujumbe hata mmoja. Wa tatu dada yake ni mfanyakazi wa nyumbani Riyadh. Huyo huonekana Ijumaa usiku, dakika chache tu, halafu kimya mpaka wiki ijayo. Wote watatu wataambiwa kwamba intaneti ya huko imefungwa, na wote watapewa ushauri uleule: mwambie aweke VPN, programu ya kupenya vizuizi vya mtandao.

Kwa wa Wuhan ushauri huo una maana. Kwa wa Dubai unaweza kumtia matatani na sheria. Kwa wa Riyadh ni kazi bure, kwa sababu aliyemfungia si serikali wala kampuni ya simu, ni mwenye nyumba. Ukiwa Kisumu yote matatu yanaonekana jambo moja, kimya cha mtu wako, na ndiyo maana watu hukimbilia dawa kabla ya kuuliza ni nani hasa aliyebana, na amebana wapi.

Tuanze na safari ya ujumbe wenyewe. Ukitoka kwenye simu ya Kondele huruka hadi mnara wa karibu, ukashuka kwenye nyaya za faiba, ukaenda Nairobi, Mombasa, kisha baharini. Waya mmoja kati ya zinazotua Mombasa, unaoitwa TEAMS, uliowashwa mwaka 2009, unaishia Fujairah, ndani ya Falme za Kiarabu. Yaani waya wetu wenyewe unafika hadi nchi ileile aliyoko yule binti, na bado sauti yake haivuki. Hapo si suala la umbali wala la mtandao dhaifu. Kuna mtu ameamua.

Ameamua vipi? Simu inapofungua tovuti au programu hupitia hatua ambazo mtumiaji hazioni. Kwanza huuliza: jina hili lina anwani gani ya namba? Kompyuta zinazojibu swali hilo huitwa seva za DNS. Kisha huifuata anwani iliyopewa. Ikifika, husalimiana na seva ya huko, na katika salamu ile ya kwanza jina la tovuti kwa kawaida huwa wazi, kwa kuwa usimbaji, yaani kufunga data kwa msimbo wa siri, haujaanza. Kila hatua ni nafasi ya kuzuia. Mzuiaji anaweza kulijibu swali la kwanza kwa anwani ya uongo. Anaweza kutupa kila kinachoelekea anwani fulani. Anaweza pia kusubiri salamu, akasoma jina, kisha akatuma ujumbe bandia wa kukata mawasiliano, simu ikadhani seva ndiyo iliyokata. China hutumia njia hizi zote kwa pamoja, na ndiyo maana huko ile mbinu ya vijana wa makompyuta ya kubadilisha DNS kwenye mipangilio ya simu haifiki mbali.

VPN inachofanya ni kukifunga kila kitu ndani ya msimbo na kukipeleka kwa seva moja iliyo nchi nyingine, halafu seva hiyo ndiyo inayokwenda Facebook kwa niaba yako. Mzuiaji haioni Facebook tena. Anachoona ni mtu anayezungumza muda wote na kompyuta moja iliyoko, tuseme, Uholanzi. Watu wengi husahau kwamba hilo bado analiona. Anaweza kulivumilia, anaweza kuifunga seva hiyo, au anaweza kuliandika jina lako mahali. Na kama hakuna intaneti kabisa, VPN haina pa kupita.

Dubai: maandishi yanapita, sauti inakwama

Mambo ya Dubai ndiyo huwachanganya watu zaidi, kwa sababu WhatsApp haijafungwa. Inafanya kazi. Ujumbe una tiki mbili, picha ya mtoto wa jirani imependwa, sauti iliyorekodiwa imesikilizwa. Ukipiga simu, mara nyingine hata inaita na anaipokea. Kisha skrini inabaki kuandika kwamba inaunganisha, sekunde zinakwenda, na simu inakatika. Nimewasikia wazazi wakisema mtoto amebadilika, siku hizi hataki kuongea. Maskini, mtoto naye yuko upande wa pili akibonyeza kitufe kilekile.

WhatsApp husimba kila kinachopita, kwa hiyo kampuni ya simu ya huko haiwezi kujua mlisema nini. Lakini gunia la dagaa wa omena linalotoka Dunga, hata likishonwa mdomo na kufunikwa turubai, askari wa kizuizini hana haja ya kulifungua ili ajue kilichomo, harufu inatosha. Simu ya sauti nayo hujitangaza kwa namna inavyosafiri: pakiti (vipande vya data) ndogo ndogo, nyingi kila sekunde, zikienda na kurudi bila kupumzika kati ya simu mbili. Ujumbe wa maandishi hauna tabia hiyo. Sauti iliyorekodiwa pia haina, maana hiyo ni faili tu, hupanda mara moja kwenye seva na kushushwa mara moja na mpokeaji. Hata kule kuita kwa simu ni taarifa fupi inayopita njia ya ujumbe, na ndiyo sababu simu inaweza kuita kisha isishike. Vifaa vya kukagua mwenendo wa pakiti hungoja ule mkondo wa sauti wenyewe uanze, halafu huukata.

Sababu yake ni leseni na biashara kuliko siasa. Katika Falme za Kiarabu, huduma ya simu za sauti kupitia intaneti ni ya kampuni zenye leseni, e& ambayo zamani iliitwa Etisalat, na du. Programu nyingine zikitaka kupitisha sauti lazima zipate kibali au zishirikiane nazo. BOTIM ni moja ya zilizoruhusiwa kwa miaka mingi. Mwaka 2020, watu walipojifungia nyumbani kwa ajili ya Covid, Zoom na Microsoft Teams nazo ziliruhusiwa kwa sababu ya masomo na kazi. Kwa hiyo familia ya Kisumu ina njia halali: kuweka BOTIM pande zote mbili, au kukutana Zoom Jumapili baada ya kanisa, bibi akishikiwa simu na mjukuu. Aliyeko huko anaweza kulazimika kulipia kifurushi. Ni gharama, lakini iko wazi.

Gharama ya njia nyingine haiko wazi hata kidogo. Sheria ya nchi hiyo ya makosa ya mtandaoni, iliyoanza kutumika Januari 2022, inampa faini ya kati ya dirhamu 500,000 na milioni 2, au kifungo, mtu anayeficha anwani yake ya mtandao kwa nia ya kutenda kosa au kuzuia kosa lisigundulike. Dirhamu 500,000 kwa shilingi zetu ni zaidi ya milioni 17. Sheria haisemi kwamba kuwa na VPN ni kosa, na benki na makampuni ya huko huzitumia kila siku kwa kazi zao. Swali linalobaki ni kama kupiga simu kwa huduma ambayo haijaruhusiwa kunatosha kuhesabiwa kosa. Wapo watakaokuambia kila mtu anafanya na hakuna aliyekamatwa. Huenda. Lakini mwenye visa inayomtegemea mwajiri si mtu wa kupelekwa mahakamani kulijaribu jambo hilo, na anayempa ushauri huo akiwa kwenye kiti cha plastiki Kondele hatakuwepo kumlipia wakili.

Oman na Qatar nazo zimekuwa na mtindo kama huo wa kuruhusu maandishi na kubana simu za sauti. Mtu wako akiwa huko, anza na sauti za kurekodi. Sijui kwa nini tunazidharau. Mama anayezungumza dakika nne bila kukatizwa, kuku wakisikika nyuma yake, humfikia mwanawe vizuri kuliko simu inayokatikakatika.

Wuhan: ukuta wenyewe

China ni mambo mengine kabisa. Huko programu tunazozitumia kila siku hazibanwi kidogo, hazipo. Facebook na Twitter zilifungwa mwaka 2009. Google ilihamishia huduma yake ya utafutaji Hong Kong mwaka 2010, na Gmail ikazimwa mwishoni mwa 2014. WhatsApp ilifungwa mwaka 2017. Wikipedia ya lugha zote, ya Kiswahili ikiwemo, haifunguki tangu Aprili 2019. Kijana anayetua Wuhan na simu aliyonunua Kisumu hugundua usiku wa kwanza kwamba Play Store haifunguki, ramani haifunguki, na namba za watu alizohifadhi Google hazishuki. Kama hakuwa na VPN kabla ya kupanda ndege, hana pa kuipakua. Wenye iPhone nao wasijidanganye, maana mwaka 2017 Apple iliziondoa programu za VPN kwenye duka lake la China.

Nani amefunga? Dola, kwa sera ya miaka mingi, na hakuna kampuni ya kumlalamikia. VPN hapa husaidia, lakini nayo hukimbizwa: leo seva hii inapita, wiki ijayo imefungwa, hasa nyakati za mikutano mikubwa ya kisiasa. Kisheria zinazoruhusiwa ni zile zilizosajiliwa, na wapo watu waliowahi kutozwa faini. Wageni wengi huzitumia bila kuguswa, na hilo halizifanyi kuwa halali. Kitu ambacho ningemkataza mwanafunzi yeyote ni VPN ya bure. Mwenye seva anaona kila unakokwenda, na asipolipwa na wewe, kuna mwingine anayemlipa.

Kuna njia ambayo wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou kuchukua mzigo wanaijua, ingawa wengi hawajui inafanyaje kazi. Ukiwa Guangzhou na laini yako ya Kenya kwenye roaming, yaani ikitumia mtandao wa nchi ya kigeni, WhatsApp inafunguka kama uko Kibuye sokoni. Mnara ni wa China, ndiyo, lakini data ya laini ya kigeni haitokei kwenye intaneti ya China. Hubebwa ikiwa imefungwa hadi kwa kampuni iliyokupa laini, na hapo ndipo inapoingia mtandaoni. Kwa hesabu za intaneti, wewe uko Kenya. Ndivyo zinavyofanya kazi na zile eSIM za wasafiri, laini zisizo na kadi, ambazo data yake mara nyingi hutokea Hong Kong au Singapore. Bei ya roaming haiwezi kubeba mwaka mzima wa masomo, lakini kwa wiki mbili za kununua nguo na viatu inatosha, na kwa mwanafunzi inafaa kuwekwa akiba kwa siku ya dharura.

Maisha ya kila siku, hata hivyo, ni ya WeChat. Ujumbe, simu, malipo ya chakula, tiketi ya treni, tangazo la mhadhiri, vyote viko humo. Mama aliyeko Kakamega akitaka kumwona mwanawe kwa video bila kutegemea VPN, naye ataiweka WeChat kwenye simu yake, na hapo kuna kikwazo kinachowashinda wengi: akaunti mpya mara nyingi haikubaliwi mpaka mtu mwenye akaunti ya zamani aithibitishe kwa kupiga picha msimbo wa mraba kwenye skrini. Mtafuteni huyo mtu kabla kijana hajaondoka. Kila mji wetu sasa una mfanyabiashara anayeleta bidhaa kutoka China, na huyo hakosi akaunti.

Na mkishaingia, mjue mko ndani ya nini. WeChat haisimbi mazungumzo kama WhatsApp inavyofanya, na kampuni inaweza kuyasoma. Mwaka 2020 watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walionyesha kwamba picha na nyaraka wanazotumiana watu wenye akaunti zilizosajiliwa nje ya China nazo huchambuliwa, ili kuboresha uchujaji unaotumika kwa akaunti za China. Kwa familia inayouliza habari za mitihani na mvua, hilo halina uzito. Lakini yule mjomba anayesambaza kila video ya siasa anayopata asiingizwe kwenye kundi. Akaunti ya kijana ikifungwa hapotezi mazungumzo tu, anapoteza pochi yake.

Tatizo jingine la China halitajwi sana, nalo huuma zaidi ya kukosa Facebook: mambo ya nyumbani yanayodai uthibitisho. Kijana anataka kuhuisha pasipoti kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, amesahau nywila, na barua ya kuibadilisha inatumwa Gmail. Au benki inatuma namba ya siri kwa laini ya Safaricom aliyoiacha kwenye droo Nyamasaria. Tovuti nyingi za Kenya hazijafungwa China, lakini baadhi zimejengwa kwa vipande vinavyochukuliwa kutoka Google, kama vile herufi, ramani na kile kisanduku cha kuthibitisha kwamba wewe si roboti, kwa hiyo zinaweza kuganda nusu njia. Akiwasha VPN, benki nayo inaona mteja wake wa Kisumu ameingia kutoka Uholanzi, na inaweza kumfungia akaunti kwa kudhani ameibiwa. Dawa ya haya yote iko upande huu, kabla ya safari. Abadilishe barua pepe ya huduma muhimu iwe isiyo ya Google. Laini aende nayo, iwe na salio, aiwashe kwenye roaming mara kwa mara, kwa kuwa kupokea SMS ukiwa nje kwa kawaida hakutozwi. Laini iliyokaa kimya muda mrefu huweza kuzimwa na namba ikauziwa mtu mwingine, na mtu huyo ndiye atakayekuwa akipokea namba za siri za benki.

Saa nazo zipangwe. China iko mbele yetu kwa saa tano. Anayempigia Wuhan saa tatu usiku baada ya chakula anamwamsha saa nane usiku. Saa tisa alasiri yetu ndiyo saa mbili usiku yao.

Riyadh: Wi-Fi ya mwenye nyumba

Saudi Arabia ilifungua programu nyingi za kupiga simu kupitia intaneti Septemba 2017, na ujumbe wa WhatsApp hupita bila shida. Sasa kwa nini dada wa watu haonekani wiki nzima?

Kwa sababu hana intaneti yake. Laini ya simu huko husajiliwa kwa iqama, kitambulisho cha mkazi, pamoja na alama za vidole, na anayeishughulikia iqama ni mwajiri. Mpaka itoke, na wakati mwingine hata baada ya kutoka, mfanyakazi hutegemea Wi-Fi ya nyumba. Nywila anaijua bosi. Anaweza kuitoa kila jioni, kila Ijumaa, au asiitoe kabisa. Wapo wanaochukua simu yenyewe, wakamrudishia kwa saa moja. Hapo VPN ya bei yoyote haina la kufanya.

Tiki za WhatsApp zinaweza kukueleza mengi, ukizisoma kwa utulivu. Tiki moja siku nzima, kisha mbili zote kwa pamoja Ijumaa saa nne usiku, kisha moja tena: hiyo ni simu inayowashwa na kuzimwa, au Wi-Fi inayotolewa na kunyimwa. Tiki mbili kila siku na hakuna jibu: simu iko mtandaoni, ila mwenyewe hana nafasi ya kuishika, au si yeye aliyeishika. Ukipiga na skrini ikabaki kusema inapiga bila kufikia kusema inaita, simu ya upande wa pili haiko mtandaoni. Andika siku na saa. Ukienda kwa ajenti aliyempeleka, maneno ya kwamba hapatikani hujibiwa kwa maneno, lakini karatasi yenye tarehe ni vigumu kuipuuza. Kama ajenti anakuzungusha, kuna Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira inayowasajili maajenti hao, Idara ya Serikali ya Masuala ya Diaspora, na ubalozi wetu Riyadh.

Ningependa jambo hili lisemwe kwenye kila kikao cha kumuaga msichana anayekwenda Ghuba, kati ya sala na picha. Simu yake na muda wa kuitumia viandikwe kwenye mkataba, kwa lugha anayoielewa. Namba ya ubalozi na ya mtu mmoja wa nyumbani azikariri kichwani, kwa sababu siku atakayopata simu ya kuazima kwa dakika mbili hatakuwa na orodha yake ya namba. Na familia ikubaliane naye neno la kawaida, jina la ng'ombe au la shangazi asiyekuwepo, ambalo akiliandika mtajua kwamba kuna mtu anasoma ujumbe wake.

Nchi ya nje iliyo mwendo wa dakika tano

Watu wa Busia na Malaba hawahitaji ndege ili kukutana na intaneti iliyobanwa. Februari 2016, siku ya uchaguzi, Uganda ilizima mitandao ya kijamii pamoja na huduma za pesa kwa simu, na wafanyabiashara wa mpakani wakajikuta na bidhaa upande mmoja na malipo upande mwingine. Julai 2018 ikaja kodi ya shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa anayetumia WhatsApp, Facebook na wenzake, na Waganda wengi wakajifunza VPN kwa sababu ya kodi kuliko sababu nyingine yoyote. Kodi hiyo iliondolewa 2021, ikabadilishwa na tozo ya asilimia 12 kwenye bando. Kabla ya hapo, Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi, intaneti nzima ilizimwa kwa siku kadhaa.

Kuzimwa kwa namna hiyo ni tofauti na yote niliyoeleza juu. Hakuna anayechagua tovuti wala kupima pakiti. Tume ya mawasiliano inaziandikia kampuni zenye leseni zizime data, zinazima. VPN inakufa pamoja na vingine. Lakini amri hiyo inawahusu wenye leseni za Uganda tu. Mnara uliosimama upande wa Kenya hauihusu, na mawimbi yake hayajui mpaka uko wapi, kwa hiyo aliye karibu na mpaka na laini ya Kenya mfukoni anaweza kubaki mtandaoni wakati mji mzima umezimwa.

Intaneti iliporudi, Facebook haikurudi nayo. Imeendelea kufungwa Uganda miaka iliyofuata, huku WhatsApp, mali ya kampuni ileile, ikifanya kazi. Watu huuliza inawezekanaje. Inawezekana kwa sababu kinachofungwa ni majina na anwani, na hizo huduma mbili zina majina na anwani tofauti.

Kusini kwetu, wanaovuka Isebania kwenda Mwanza nao wana hadithi yao. Tangu Oktoba 2023 Tanzania ilitaka wanaotumia VPN wajisajili kwa mamlaka ya mawasiliano. Mei 2025 X, iliyoitwa Twitter zamani, ilifungwa, na siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Sudan Kusini, ambako mafundi na madereva wengi kutoka huku hufanya kazi, ilifunga Facebook na TikTok kwa siku chache Januari 2025. Kwa nchi hizi za jirani kalenda husaidia kuliko programu: ukijua tarehe ya uchaguzi, unajua wiki ya kubeba pesa taslimu na kuwaambia wa nyumbani mapema kwamba mtawasiliana kwa simu ya kawaida. Simu ya kawaida na SMS tunazisahau kwa sababu ya bei, lakini hizo hufika hata kwenye kabambe ya babu, ile simu ndogo ya vitufe, na kuzima data hakuzigusi.

Kimya kinapotoka upande wetu

Kuna wakati aliyeko nje hana tatizo lolote, waliobanwa ni wa nyumbani. Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kusini ya mbali kwenye pwani ya Afrika, na intaneti ya Kenya ikawa ya kusuasua. Hakuna aliyetoa amri, ilikuwa hitilafu. Lakini Novemba 2023, na tena Novemba 2024, Telegram ilikwama nchini wakati wa mitihani ya kitaifa, na sababu iliyotajwa ilikuwa kuzuia karatasi zisivuje.

Kuzitofautisha si vigumu. Waya ukikatika, kila kitu huwa kizito kwa pamoja, YouTube, WhatsApp na benki. Ikiwa programu moja imekufa na nyingine zote zinakimbia, na ukibadilisha kutoka bando la simu kwenda Wi-Fi ya kampuni nyingine hali ni ileile, basi hiyo imefungwa. Halafu muulize aliyeko nje kama kwake inafunguka.

Swali hilo la mwisho lina uzito kwa wenye watoto Urusi. Huko Facebook na Instagram zilifungwa Machi 2022, familia nyingi zikahamia Telegram na WhatsApp. Agosti 2025 Urusi ikaanza kubana simu za sauti za programu zote mbili. Sasa chukua mzazi wa Nakuru aliyezoea kuzungumza na mwanawe wa Moscow kwa Telegram: sauti imebanwa kule, na ukifika mwezi wa mitihani, maandishi yanaweza kubanwa huku. Kijana hana cha kurekebisha kwenye simu yake. Mzazi aweke salio la kawaida na ampigie namba yake ya Urusi.